Nilifukuzwa kituoni kwa sababu ya simu. Safari hii nitaishije na sheria?

Msomaji mmoja, kijana wa miaka 31, ameandika hivi:

"Shikamoo mama. Nimetumia heroini miaka sita. Mwaka jana nilipelekwa kituo cha tiba ya uraibu, nikafukuzwa siku ya 23 kwa kukutwa na simu. Sikuwa na dawa, simu tu. Niliona wanatufanya watoto: mabegi yanapekuliwa, unakojoa kwenye kikopo mtu kasimama mlangoni, unaamshwa saa 11:30 alfajiri. Wiki mbili baada ya kutoka nikarudi kule kule. Sasa dada yangu mkubwa amenitafutia nafasi nyingine, naingia wiki ijayo. Kila mtu ananiambia 'safari hii heshimu sheria'. Sielewi maana yake. Nikae kimya niitikie kila kitu? Naogopa nitaigiza siku 90 halafu nitoke vilevile."

Marahaba, mwanangu. Nianzie mwisho wa barua yako, hapo unapoogopa kuigiza. Nimekuwa mnasihi wa waraibu kwa miaka mingi, na wabishi hawajawahi kuninyima usingizi. Wanaoninyima usingizi ni wale wa "ndiyo, mama": shuka limenyooshwa bila kunyanzi, kwenye kikundi wanasema maneno tunayopenda kuyasikia, hawachelewi hata dakika. Mmoja wao alimaliza siku zake 90 bila kosa hata moja kwenye daftari. Siku ya kuaga akapigiwa makofi. Siku nne baadaye mama yake alinipigia simu, na sitaeleza zaidi ya hapo. Daftari lile nimelifungua mara nyingi tangu siku hiyo, na kinachonisumbua ni utupu wake. Miezi mitatu mtu hakukasirika, hakutamani, hakuvunja kitu, na sisi tukafurahi.

Kwa hiyo sikuambii uitikie kila kitu. Nikisema heshima nina maana ya mambo mawili. Uiache sheria ikushike hata siku ambayo huoni faida yake. Na siku ukiivunja, mtu wa kwanza kusema awe wewe. Hili la pili ndilo zito, nitalirudia.

Sasa hiyo simu. "Sikuwa na dawa, simu tu." Nakuamini. Lakini iliingiaje? Ulikuwa unaichaji wapi? Ilipotetemeka ndani ya soksi katikati ya kikundi, ulimtupia nani jicho? Mtu anayeficha simu anaishi maisha yale yale aliyoishi akificha kete: ana maficho, ana saa zake za kwenda chooni, ana uongo aliouandaa kwa kila swali, na ana mwenzake mmoja anayemtunzia siri na kumdai fadhila. Mwili wako ulikuwa umekaa siku 23 bila heroini. Tabia zako hazikuwa zimepumzika hata siku moja.

Na kwa nini simu, kati ya vitu vyote? Wengi hudhani ni adhabu, au ni wasimamizi wanapenda ubabe. (Wapo wanaopenda ubabe, nitawafikia.) Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtuka kusikia kwamba askari wake wengi waliokuwa Vietnam wanatumia heroini. Mtafiti aitwaye Lee Robins akapewa kazi ya kuwafuatilia wakirudi nyumbani. Karibu askari mmoja kati ya watano alikiri kuwa alikuwa mraibu kule. Lakini katika mwaka wa kwanza baada ya kurudi, kati ya kila 100 waliokuwa waraibu ni takriban 5 tu waliorudi kwenye uraibu. Wengi walikataa kuziamini takwimu hizo. Askari wale hawakuwa na moyo mgumu kuliko wako. Walivuka bahari, na muuzaji, rafiki wa kuvuta naye na kona ya kuvutia vyote vikabaki ng'ambo. Wewe huna bahari ya kuvuka, kwa hiyo kituo kinakuazima ukuta. Simu ni tundu kwenye ukuta huo, na anayepita kwenye tundu unamjua kwa jina.

Kuna jambo lingine ambalo lingekusaidia kuielewa siku yako ya 23. Arosto ya heroini, yaani maumivu ya mwili unaokosa dawa, huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya dozi ya mwisho, hupanda hadi kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja hivi. Wiki ya tatu mtu anakula, anacheka, amenenepa mashavu. Anajiona amepona, na hapo sheria zinaanza kuonekana za kijinga. Mwaka 2001 watafiti walichapisha majaribio ya panya walioachishwa kokeini, kisha wakaonyeshwa taa na kusikilizishwa mlio vilivyokuwa vikiambatana na dawa. Ungetegemea hamu yao ipungue kadiri siku zinavyokwenda. Iliongezeka. Baada ya siku 60 walikuwa wanaitafuta dawa kwa nguvu kuliko siku ya kwanza. Binadamu si panya, lakini mnasihi yeyote aliyekaa zamu za usiku atakuambia kwamba wanaofungasha mizigo ghafla si wale wa siku ya tatu wanaotapika. Ni wale wenye mashavu. Mwili unakuambia mlinzi aondoke wakati ambapo meseji moja tu, "upo wapi siku hizi," inaweza kukunyanyua kitandani.

Kupekuliwa nako nikueleze kwa kisa. Mzee mmoja wa pombe, mtu mwenye wajukuu, alinifokea siku ya kupokelewa kwa sababu nilimtolea kwenye begi dawa ya kusukutulia kinywa. "Mnataka ninuke mdomo?" Nikaigeuza chupa akasoma mwenyewe. Ziko aina zenye kilevi zaidi ya asilimia 20, na jeli ya kutakasa mikono huwa na asilimia 60 au zaidi. Akanyamaza. Wiki tatu baadaye alikuja mwenyewe kuniambia kwamba alikuwa anajua. Begini zilikuwa chupa tatu, mimi nilikuwa nimeona moja.

Kwenu ninyi wa heroini upekuzi una sababu nzito zaidi, na hii naomba uisome polepole. Mwili uliozoea dozi kubwa huanza kuisahau ndani ya siku chache. Mtu wa siku 40 akivuta kiasi alichokuwa akivuta zamani, pumzi inaweza kukatika. Kwa hiyo anayepitisha kete moja kwenye begi hajihatarishi peke yake. Anaiweka kwenye chumba chenye watu kumi ambao miili yao imesahau. Na wewe uliporudi "kule kule" baada ya siku 23 za kituoni, sijui kama kuna mtu aliyekueleza, ulipita karibu kabisa na kaburi. Majuma ya kwanza baada ya kutoka ndiyo yanayoua wengi. Mwambie dada yako aulize kwa mfamasia au kwenye kliniki kuhusu naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha heroini. Hufanya kazi ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake inaweza kuisha kabla heroini haijaisha mwilini, kwa hiyo hospitali ni lazima hata kama mtu ameamka.

Kikopo cha mkojo kinadhalilisha, sitakudanganya. Kina faida moja ambayo waraibu huigundua wakiwa wamechelewa: ndicho shahidi wako pekee mbele ya familia iliyochoka kukuamini. Heroini kwa kawaida huonekana kwenye mkojo siku mbili au tatu hivi, bangi kwa mtumiaji wa kila siku huweza kuonekana wiki kadhaa. Vipimo vya haraka hukosea pia. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaweza kuleta jibu la afyuni, jamii moja na heroini. Kwa hiyo taja kila dawa unayomeza kabla ya kupimwa, na jibu likikushangaza omba sampuli irudiwe maabara. Kuomba hivyo kwa sauti ya kawaida si ukaidi.

Kuamka saa 11:30? Hapo sina hoja kubwa. Usingizi wa aliyeacha heroini huvurugika kwa wiki nyingi, na saa moja ya kuamka isiyobadilika husaidia kuurudisha. Sababu nyingine ni kwamba bafu ni mbili na watu ni ishirini.

Kuna sheria moja hukuitaja, na kwangu ndiyo mama wa zote: yanayosemwa kwenye kikundi hayatoki nje ya kikundi. Unaweza kutandika kitanda vizuri, ukafua, ukawahi, halafu jioni ukamsimulia mwenzako jikoni kwamba fulani aliiba pete ya ndoa ya mama yake. Fulani atasikia. Kesho hatasema kitu, na mwingine aliyekuwa anajiandaa kusema jambo ambalo hajawahi kulisema popote atalimeza. Nimeona kikundi kizima kikifa kwa sentensi moja ya jikoni. Kiliendelea kukutana kila asubuhi kwa wiki tatu, watu wakizungumzia hali ya hewa na chakula. Sisemi usiwe na marafiki humo, utawahitaji. Sema yako kadiri utakavyo, ya mwenzako yaache pale kwenye kiti chake.

Sasa lile zito. Usiku mmoja, saa tano imepita, kijana aligonga mlango wa ofisi. Alikuwa wa siku ya 34. Hakukaa. Alinyoosha mkono uliofumbwa juu ya meza na kubaki hivyo, vidole vimekaza mpaka kucha zimekuwa nyeupe, kisha akaufungua. Kete mbili. Mgeni wake wa jumapili ndiye aliyempa, alikaa nazo siku mbili ndani ya kola ya shati. Alisema, "Zichukue kabla sijabadilisha mawazo." Kwa mujibu wa karatasi aliyoisaini, kuingiza dawa ni kufukuzwa. Tulikaa kikao. Akanyimwa wageni mwezi mzima, akabaki. Siwezi kukuahidi kituo chako kitafanya hivyo. Viko vinavyofukuza bila kusikiliza, na nadhani vinakosea. Lakini angalia alichofanya: kwa siku mbili alikuwa na siri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uraibu siri hiyo alitembea nayo kuelekea kwenye taa, kwa miguu yake. Kuacha dawa nikiangalia naona kunafanana na usiku ule kuliko kunavyofanana na kitanda kilichotandikwa. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na sijui kama walikuwa wanawafikiria waraibu, ila hawakukosea.

Kwa hiyo usipoielewa sheria, uliza. Kuna namna ya kuuliza. Usiulize mbele ya watu kumi wakati msimamizi ana haraka. Hapo hutafuti jibu, unatafuta jukwaa. Mfuate mnasihi wako kwenye kikao chenu, mwambie, "Hii ya kupekuliwa inanifanya nijione mwizi, nisaidie." Huko ndiko kuacha kuigiza. Hasira iliyosemwa ni mali ya tiba. Sisi tunaifanyia kazi. Ukiimeza na kutabasamu, tunakuandikia "maendeleo mazuri" na unatoka nayo nzima. Na kama sheria fulani kweli ni ya kipuuzi (zipo, nimewahi kupigania ifutwe iliyokataza watu kusoma magazeti), itii kwanza, kisha ipinge kwa njia iliyopo. Ukiipinga ukiwa umeshaivunja, hakuna atakayesikia hoja yako, watasikia kosa lako tu.

Nilisema nitawafikia wababe. Heshima ninayokuomba ina mpaka. Kupigwa, kufungwa minyororo, kunyimwa chakula au dawa za hospitali, kuguswa kimwili, kufanyishwa kazi za nyumbani kwa mkurugenzi, kukatazwa kabisa kuzungumza na familia yako bila muda wala maelezo: hizo usiziite sheria, wala usijilaumu kwa kuzikataa. Shirika la Afya Duniani na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, walitoa toleo jipya la viwango vya tiba ya uraibu mwaka 2020, na msingi wake ni kwamba mgonjwa akubali mwenyewe baada ya kuelezwa, na aheshimiwe utu wake. Historia imetuonya pia. Mwaka 1958, California, Charles Dederich alianzisha Synanon, jumuiya ya waraibu kusaidiana, na mwanzoni ilisifiwa kila kona. Taratibu sheria zikawa ni matakwa ya mtu mmoja: watu wakanyolewa vichwa, wanandoa wakatenganishwa. Mwaka 1978 wafuasi wake wawili wakamwekea nyoka mwenye sumu kwenye sanduku la barua mwanasheria aliyekuwa ameishinda jumuiya hiyo mahakamani. Akaumwa, akapona. Tofauti unaweza kuipima kwa swali moja: sheria hii inamlinda nani? Kama jibu ni wagonjwa, vumilia hata ikikukera. Kama jibu ni mwenye kituo, piga simu nyumbani, na kabla hujaingia kubaliana na dada yako neno ambalo ukilitamka atajua aje.

Tumia hii wiki kuuliza na jambo la methadoni na buprenofini, dawa za hospitali anazopewa mraibu badala ya heroini. Ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na kwa mraibu wa heroini hupunguza vifo. Viko vituo vinavyozikataa kwa hoja kwamba ni kubadilisha dawa kwa dawa. Mimi sikubaliani nao, ila ni heri ujue msimamo wao leo kuliko kuujua ukiwa ndani na vidonge vimeshachukuliwa mapokezi. Ongea na daktari, kisha ndiyo usaini.

Kuhusu nafasi yenyewe, na hapa nitakuwa mkali kidogo kama mama. Hicho kitanda kina watu wanaokisubiri. Nimewahi kupokea simu ya baba akiuliza kwa mara ya sita kama pamepatikana nafasi, siku hiyo hiyo ambayo mtu mmoja alifungasha kwa sababu ya ugomvi wa rimoti ya televisheni. Lakini usiingie ukiwa umebeba deni la dada yako begani. Shukrani iliyozidi hugeuka aibu, na aibu mraibu anajua dawa yake. Anayelala na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake. Dada yako ameshakusikia ukihema kwa miaka sita, hahitaji hotuba. Anahitaji siku ya wageni umwambie ukweli mmoja ambao usingemwambia zamani. Kwa mfano, kwamba jana ulitaka kuondoka.

Maana utataka. Karibu kila mtu hutaka. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, NIDA, husema kwamba tiba ya chini ya siku 90 huwa na manufaa madogo, na inakadiria kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa hurudia wakati fulani, kiwango kisichotofautiana sana na cha wagonjwa wa presha au pumu wanaoacha masharti ya dawa zao. Kwa hiyo siku ikija unayotaka kuondoka, usiamue usiku. Mwambie aliye zamu, kisha subiri mpaka baada ya chai ya asubuhi. Ukitaka bado, sema tena. Nimewaona wengi wakisahau walichotaka.

Na simu. Usiifiche, usiivunje, wala usiape mbele ya watu. Keti na dada yako siku moja kabla, futa namba unazozijua, andika kwenye karatasi namba tano za watu unaowahitaji kweli, kisha mkabidhi simu. Siku ya kupokelewa, kabla hawajaanza kupekua, mwambie anayekupokea kwamba mara ya kwanza ulifukuzwa kwa sababu ya simu, na umwonyeshe jinsi ulivyoiingiza na mahali ulipokuwa unaificha. Atacheka. Halafu ataenda kupaangalia.